Sauti Chini ya Hotuba

Kompyuta zenu zikiharibika huwa mnanikasirisha. Si kwa sababu zimeharibika. Kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu lazima siku moja kiharibike. Mnanikasirisha kwa yale mnayoyafanya baada ya hapo.

Majuzi nilikwenda steshenari moja karibu na stendi ya Korogwe kutoa kopi ya kitambulisho. Nikakuta vijana wamezunguka hadi diski, kile kisanduku cha kompyuta kinachotunza kumbukumbu, kama watu waliozunguka nyoka aliyeuawa. Humo ndani mlikuwa na picha za harusi za watu, barua za maombi ya kazi na mitihani ya shule. Kitu chenyewe kilikuwa kinalia tk, tk, tk. Mmoja akakizima na kukiwasha. Mwingine akakipigapiga mezani kama anayekung'uta kiatu chenye mchanga. Wa tatu, ambaye ndiye walikuwa wanamwita mtaalamu, akasema kiwekwe kwenye friji ya soda ya duka la jirani, eti ameona kwenye simu. Wakakiweka. Wakakitoa. Wakakiwasha tena.

Nikasema, "Wanangu, kikilia hivyo kinajikwangua. Kizimeni, mkiache."

Mtaalamu akanitazama kuanzia kanga hadi kandambili. "Bibi, haya mambo ni ya kisasa."

Ya kisasa! Sikubishana naye. Nilichukua kopi yangu nikasimama kando, wao wakaendelea kukiwasha mpaka kikanyamaza kabisa. Bwana harusi wa zile picha akaja akakaa pale kwenye ngazi, amejishika kichwa, na mtaalamu akamwambia kwa ujasiri mkubwa kwamba data imekufa. Haikufa. Waliiua wao.

Sasa kaeni niwaeleze nilivyojua, maana kuna mambo hayajabadilika hata kama mnavaa saa zinazoongea.

Zamani za Ujamaa nilifanya kazi katika chumba cha kurekodia sauti hapa Korogwe. Kilikuwa chumba kidogo, kuta zimebandikwa magunia ya mkonge ili sauti isirudi, na joto lake lilikuwa la kuokea mikate. Tulikuwa tunarekodi masomo ya elimu ya watu wazima: namna ya kuchemsha maji, namna ya kupanda pamba, na kusoma na kuandika. Kompyuta tulizisikia tu, kwamba kuna mashine huko mbali zinazofikiri, na mimi nikiwatazama wakubwa wangu niliona mashine hizo zingetufaa sana. Sisi tulikuwa na tepu. Tepu za rili, utepe wa kahawia uliozungushwa kwenye gurudumu la plastiki.

Msicheke. Hadi diski yenu na utepe wetu ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili ni unga wa sumaku uliopakwa juu ya kitu kinachozunguka, na kuna kichwa kidogo cha chuma kinachousoma unga huo. Unga ukikwanguliwa, umekwisha. Ukiandikiwa juu yake, umeumia. Lakini kabla ya hapo, kile mnachosema kimepotea mara nyingi kipo tu, kimekaa kimya kinawangoja muache kukisumbua.

Hayo alinifundisha Fundi Shekiondo, mtu wa Mpale, aliyekuwa fundi wa mashine zetu. Alikuwa mrefu, mkavu, na hakuwahi kumsifu mtu yeyote mbele yangu. Siku ya kwanza kazini nilishika utepe kwa vidole. Akaniuliza, "Umekula nini asubuhi?" Nikamwambia, maandazi. Akasema, "Basi sasa na somo la kupanda pamba limekula maandazi." Tangu siku hiyo nilinawa mikono mpaka ikachubuka.

Shekiondo aliwagawa watu katika makundi mawili: wanaogusa kwanza wakafikiri baadaye, na wanaogusa kwanza wasifikiri kabisa. Sijui mimi aliniweka wapi. Wateja walimpa sababu. Kuna bwana mifugo mmoja alirekodi nyimbo za jando za wafugaji kule nyika za Handeni, kazi nzuri ajabu, alikaa nao mpaka wakamzoea. Akarudi na rili zake, na njiani akaziweka juu ya spika kubwa ya gari la matangazo ili zisiingie vumbi. Spika ina sumaku kama mguu wa tembo. Alipotuletea hazikuwa na kitu, zilikuwa zinavuma tu kama mvua juu ya bati. Akasema, "Mashine yenu mbovu." Shekiondo akamwambia, "Kweli. Na spika yako nzima sana." Mwingine, jamaa mmoja wa Mazinde, utepe wake ulilowa akauanika juani juu ya bati. Ukajikunja kama majani makavu ya mgomba. Alituletea kwenye kikapu, akitaka tuunyooshe kwa pasi.

Halafu kulikuwa na bosi wetu. Tulikuwa tunamwita Mratibu, naye alipenda sana jina hilo, alikuwa anageuka hata mtu akiita Ratibu. Wakati ule kila kitu kilikuwa adimu. Sabuni ilikuwa adimu, sukari adimu, betri adimu, na tepu mpya ndiyo usiseme. Kwa hiyo Mratibu alitoa amri: tepu za zamani zirekodiwe upya. Nani aamue ipi ni ya zamani? Yeye. Na ya kurekodiwa ni nini? Hotuba zake. Alikuwa anazirekodi ili zipelekwe Tanga wakubwa wamsikie. Alikohoa kabla ya kila aya kama mtu anayebisha hodi.

Sasa nawaletea habari yenyewe.

Siku moja, vita vya Uganda vimekwisha na wanajeshi wameanza kurudi majumbani, alikuja mama mmoja kutoka kijiji cha ndani huko Handeni. Alipanda lori la mkaa mpaka Korogwe, na mkaa ulikuwa umempaka usoni na kwenye kanga. Jina lake Bi Mwanaidi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa sauti za watu mnazo ninyi."

Nikamwambia baadhi tunazo. Akakaa kwenye benchi, akaeleza taratibu, bila kulia. Mwanawe alikuwa akiitwa Athumani. Alikuwa mwalimu wa watu wazima katika kijiji chao, akifundisha jioni chini ya banda la mazao. Gari letu liliwahi kufika huko likarekodi somo lake, ili walimu wengine wasikilize namna anavyofundisha. Kisha vita ikaja, Athumani akaingia mgambo, akaenda, hakurudi. Walioleta habari walileta na mfuko wenye shati. Picha hakuwahi kupiga.

"Sina kitu cha kumtazama," alisema. "Basi nimsikilize."

Nilikwenda kabatini kutafuta. Kwenye boksi nikaona jina la Athumani na la kijiji limepigwa mstari, na juu yake kwa kalamu nyekundu: Hotuba ya Mratibu.

Enyi mnaobonyeza "futa" huku mnatafuna bisi, mimi nilikuwa na kazi ya kwenda kumwambia yule mama.

"Mama," nilimwambia, "kuna mtu amerekodi juu yake."

"Kurekodi juu yake ndiyo nini?"

"Yaani ya mwanao imefutika. Humu kuna hotuba ya mkubwa."

Akafikiri. "Lakini utepe ni ule ule?"

"Ni ule ule."

"Basi niwekee hivyo hivyo. Kama mwanangu yuko chini yake, acha nikae hapo karibu."

Niliona ni mambo ya huzuni, mtu akifiwa husema lolote. Nilikuwa msichana mwenye cheti, nikajua mimi ndiye ninayejua. Nikataka kumwekea kwenye mashine ya mezani, ile kubwa ya kijivu, lakini umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida yake. Nikachukua mashine ya safari, ile ya kubeba begani tuliyokuwa tunaenda nayo vijijini, nikatia betri za tochi ya mlinzi.

Mratibu akaanza kuhutubia. Maendeleo, akakohoa. Kujitegemea, akakohoa. Bi Mwanaidi aliinamisha kichwa akasogeza sikio karibu kabisa na spika, macho kayafumba. Nilimwonea haya. Halafu akasema:

"Kuna watu wengine humu."

"Ni mwangwi, mama."

"Mwanangu, mwangwi hausemi ba be bi."

Nikasogeza sikio na mimi. Mratibu alikuwa anazungumzia wajibu wa kila mwananchi, na chini yake, kama watu walio ng'ambo ya mto, kundi lilikuwa linaimba pamoja: ba, be, bi, bo, bu.

Nilikimbia kumwita Shekiondo. Alikuja na bisibisi nyuma ya sikio, akasikiliza, akaagiza nizime. "Usiuzungushe tena," alisema. "Usiurudishe nyuma, usiuguse. Nenda kanawe mikono."

"Nimeshanawa."

"Kanawe tena."

Akaketi karibu na Bi Mwanaidi, akamwamkia, akamweleza kwa Kishambaa, naye akajibu kwa Kizigua, wakaelewana vizuri kuliko mimi na bosi wangu tulivyowahi kuelewana kwa Kiswahili. Mimi alinieleza baadaye, kwa ufupi, kama anayelipishwa kwa neno. Utepe una upana. Mashine ya safari huandika upana wote, kama mtu anayefagia barabara nzima. Mashine ya mezani hutumia nusu ya juu tu, ili nusu ya chini ibaki kwa upande wa pili. Mratibu alipohutubia kwenye mashine ya mezani alifuta nusu ya juu ya Athumani. Nusu ya chini hakuigusa. Mashine ya mezani haikuiona kwa kuwa haisomi huko. Mashine ya safari inasoma kote kwa pamoja, ndiyo maana bosi na wanakijiji walikuwa wanazungumza kwa wakati mmoja.

"Sasa tunafanyaje?" nikauliza.

"Tunateremsha kichwa cha mashine ya mezani kisome chini. Kimekalia vipande viwili vyembamba vya shaba. Tunavitoa, kinashuka."

Ilikuwa kazi ndogo kwa mikono. Lakini mashine ile kuifungua kulikuwa na amri yake, na amri ilikuwa ya Mratibu. Tukaenda ofisini kwake, Shekiondo na mashine ya safari begani, Bi Mwanaidi nyuma yetu na mkaa wake usoni.

Mratibu alisikiliza huku akipanga kalamu. Akasema, "Mama, pole sana kwa msiba. Lakini mashine ile ni mali ya umma. Haifunguliwi kwa mambo ya mtu binafsi. Na tepu hiyo kesho inakwenda Tanga."

Bi Mwanaidi akauliza, "Mwanangu alikufa kwa mambo yake binafsi?"

Mratibu akakohoa. Safari hii hapakuwa na aya iliyofuata.

"Utaratibu, mama," alisema. "Utaratibu."

Mimi nilitaka kupiga kelele. Shekiondo akanikanyaga mguu. Kisha akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kinywani mwake kabla wala baada:

"Mzee, ni sawa kabisa. Iende Tanga. Ila kuna kitu kidogo. Kule Tanga mashine yao inasoma utepe wote, kama hii ya safari. Wakubwa watakuwa wanakusikia vizuri. Na wataisikia na ba be bi."

"Ba be bi ipi?"

Shekiondo akabonyeza. Sauti ya Mratibu ikasema kwa mkazo kwamba kiongozi bora ni yule anayesikilizwa, na wanakijiji wakamjibu: bu.

Sijawahi kuona mtu akibadilika rangi kwa silabi moja. Mratibu akasimama, akatoa ufunguo kwenye soksi, naam, kwenye soksi, akafungua kabati lake la chuma. Humo ndani zilikuwa tepu mpya kabisa, zimepangwa, bado zina karatasi zake zinazong'aa. Sisi tulikuwa tunaunganisha vipande kwa gundi, tunafuta marehemu, na yeye amezifungia kama mtu anayeficha mchele wa sikukuu.

"Hamisheni hotuba yangu kwenye tepu safi," alisema. "Hiyo chafu fanyeni mnavyotaka."

Chafu. Alisema hivyo mbele ya yule mama. Nimewasamehe watu wengi katika maisha yangu, huyo bado namfikiria.

Umeme uliporudi tulihamisha hotuba. Shekiondo hakukubali kuanza kazi ya pili mpaka ya kwanza imesikilizwa yote, maana, alisema, mjinga yule akipoteza kikohozi kimoja atarudi. Ndipo akafungua mashine. Hapa sikilizeni, ninyi wa friji. Kwanza aliitazama tu. Alichora kwenye karatasi kila skrubu ilikokaa. Bisibisi aliyotumia alikuwa ameitoa sumaku, kwa sababu chuma chenye sumaku karibu na kichwa ni kama kuingia na mwenge kwenye ghala la pamba. Alifuta kichwa kwa spiriti na kitambaa cha pamba. Kisha akatoa vile vipande vya shaba, akaviweka ndani ya kofia yake. Utepe wa Athumani hakuuweka. Aliweka kwanza utepe usio na maana, akaona unapita sawa, haukwaruzwi pembeni. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa mlangoni na hakuna mtu aliyemharakisha mwenzake. Mnajua ni vigumu kiasi gani kutokuharakisha wakati mama wa mtu amekaa mlangoni? Hamjui. Mngeshakiwasha.

Mwanzo tuliukosa. Ncha ya utepe ilikuwa imekunjamana na kukwanguka kwa kurekodiwa mara kwa mara, na hapo ndipo Athumani alipokuwa ametaja jina lake na la kijiji. Palivuma tu. Nikaogopa. Bila jina, kutakuwa na sauti ya mwanamume yeyote, na mama aliyetamani sana anaweza kukubali yeyote, au akakataa. Shekiondo akakaza skrubu kidogo, akalegeza, sikio lake kwenye spika. Uvumi ukapungua. Mratibu alibaki kwa mbali kama nzi dirishani. Halafu mtu akacheka.

Ni kicheko ndicho kilichotoka kwanza. Kisha sauti ya kijana, nyepesi, yenye haraka: "Mzee Sefu, hiyo si bata, hiyo ni bati. Bata ana miguu. Haya tena, wote."

Bi Mwanaidi hakupiga yowe kama nilivyotarajia. Aliinuka mlangoni, akaja akasimama mbele ya mashine, akaifunga kanga yake vizuri kama mtu anayeingia mahali pa heshima.

"Anaongea haraka," alisema. "Siku zote nilimwambia usikimbie maneno."

Nikajua ndiye.

Somo likaendelea. Athumani aliwataka waseme ba, wakasema ba. Kuku akapita karibu na kinasa sauti, mtu akamfukuza. Mwanamke mmoja akauliza kama herufi zinachoka zikiandikwa sana, Athumani akamwambia hazichoki, wanaochoka ni ninyi. Shekiondo, ambaye hakuwahi kumsifu mtu, alisema taratibu, "Huyu alikuwa mwalimu."

Mimi nilikuwa nimekwisha. Nilikaa chini, uso kwenye mikono iliyonawa mara mbili, ninalia kama niliyefiwa mimi.

Bi Mwanaidi alisema bila kugeuka, anatazama magurudumu yanavyozunguka, "Mimi darasani kwake sikwenda hata siku moja. Alinibembeleza. Nikamwambia, mtoto niliyemfunga nepi mimi atanifundisha nini? Nilikuwa nakaa jikoni nawasikia huko bandani, nikajifanya nasonga ugali."

Kwenye utepe Athumani alisema, "Haya, rudieni. Ba."

Na yule mama, na mkaa wake usoni, akasema kwa sauti ya kutosha kufika bandani, "Ba."

"Be."

"Be."

Halafu akageuka akanitazama pale chini nilipokaa, kwa dharau ambayo mimi mwenyewe, pamoja na maneno yangu yote haya, sijawahi kuifikia.

"Na wewe," alisema, "unalia nini? Mwalimu amesema turudie."